Picha ya atomu ni jedwali la namba

Leo tuweke kando mambo ya seva na hifadhidata. Kwa majuma mawili sasa kuna swali linalonikosesha usingizi: mtu anawezaje kupima umeme unaopita katika atomu moja? Na akishapata namba yake, sisi wengine tutajuaje kwamba ni namba ya atomu na si ya waya zake mwenyewe?

Nianze na picha ambayo huenda umewahi kuiona. Atomu 48 za chuma zimepangwa duara juu ya shaba, kama boma la ng'ombe, na ndani ya boma kuna viwimbi vya mviringo mithili ya maji ya karai lililogongwa. Ilitengenezwa mwaka 1993 katika maabara ya IBM ya Almaden, California, na Michael Crommie, Christopher Lutz na Donald Eigler. Boma zima lina upana wa nanomita 14 hivi. Unywele wa mtu ni mnene kulishinda mara elfu kadhaa.

Mimi ni mtu wa programu, na nikionyeshwa picha yoyote huuliza kwanza: ndani ya faili mna nini? Nikafuatilia. Ndani ya faili hamna rangi, hamna mwanga wala kivuli. Mna jedwali la namba, mstari kwa mstari, na kila namba inasema sindano ilikuwa kimo gani ili mkondo wa umeme usibadilike. Rangi na vivuli vilipakwa baadaye na tarakilishi. Kamera haikuwepo, na isingeweza kuwepo: mawimbi ya mwanga tunaouona huanzia kama nanomita 400 kwa urefu, ilhali atomu za shaba zimeachana robo ya nanomita tu. Kwa hiyo hicho tunachokiita picha ni kipimo cha umeme kilichovalishwa nguo. Hapo ndipo usingizi ulipopotea.

Hadubini yenyewe huitwa kwa kifupi STM. Waliyoibuni ni Gerd Binnig na Heinrich Rohrer, mwaka 1981, katika maabara ya IBM ya Rüschlikon karibu na Zürich, Uswisi. Mwaka 1986 walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia, wakigawana na Ernst Ruska aliyebuni hadubini ya elektroni miongo kadhaa kabla yao.

Inafanya kazi hivi. Chukua sindano ya metali iliyochongoka sana. Isogeze karibu na kipande cha metali nyingine hadi ibaki nafasi ya chini ya nanomita moja, lakini zisigusane. Weka volteji ndogo kati yake. Kwa akili ya kawaida umeme haupaswi kupita, kwa sababu njia imekatika. Lakini elektroni si changarawe. Wimbi lake halikomi ghafla mwisho wa metali. Linafifia kidogo kidogo hadi nje, na likifika upande wa pili kabla halijaisha, elektroni huvuka. Mkondo unaopatikana ni mdogo mno, mara nyingi nanoampea moja au chini ya hapo. Usiudharau: nanoampea moja ni elektroni zaidi ya bilioni 6 kila sekunde.

Uzuri wake ni jinsi mkondo huo unavyoogopa umbali. Inua sindano kwa nanomita 0.1 tu, nao hupungua takriban mara kumi. Ndiyo maana sindano haihitaji kuwa kamilifu. Watu hukata waya wa platini na iridi kwa mkasi au koleo, na ncha hiyo mbaya ikafanya kazi, kwa sababu palipokatwa lazima kuna atomu moja iliyowatangulia wenzake, na hiyo moja ndiyo inayobeba karibu mkondo wote. Mkasi! Katika chombo cha kuona atomu!

Baada ya hapo ni kitanzi ambacho programa yeyote ataking'amua. Soma mkondo. Umezidi? Inua sindano. Umepungua? Ishushe. Andika kimo. Sogea hatua moja. Rudia. Sindano hushikiliwa na kauri ya aina ya piezo, ambayo hurefuka na kufupika ikipewa volteji, nanomita chache kwa kila volti. Ukimaliza mstari wa kwanza unaanza wa pili, na baada ya dakika kadhaa una jedwali lako.

Sasa tuje kwenye utata. Kitanzi hicho kinadhani kwamba mkondo ukibadilika, kimo cha kitu ndicho kilichobadilika. Lakini mkondo hutegemea pia kama mahali hapo pana elektroni za nguvu ile inayotakiwa, au nafasi tupu za kuzipokea. Sindano haipapasi umbo. Inauliza swali la umeme, na kujibiwa kwa umeme.

Mfano ulio rahisi ni grafiti, ule weusi wa ndani ya penseli. Ni tabaka za kaboni zilizopangwa pembesita kama sega la asali. Ukiipima kwa STM, kwa kawaida unaona nusu tu ya atomu. Nyingine hazijaanguka, ziko palepale, kwa kimo kilekile. Tofauti ni kwamba nusu ya atomu za juu zina jirani moja kwa moja chini yake katika tabaka la pili, na nusu hazina. Zisizo na jirani ndizo zenye elektroni nyingi za nguvu ile sindano inayouliza, basi hizo ndizo zinazong'aa. Molekuli ya kaboni monoksidi juu ya shaba ina kichekesho zaidi: imesimama wima, imechomoza kabisa, lakini sindano ya metali huionyesha kama shimo.

Ninaopenda kuliko yote ni wa semikondakta ya galiamu na aseniki. Mwaka 1987 Randall Feenstra na wenzake walipima uso uleule kwa volteji chanya, kisha hasi. Kwa alama moja walipata atomu za galiamu. Walipogeuza alama, zikatokea za aseniki, katikati ya zile za kwanza. Hakuna atomu iliyohama. Elektroni zilipotiririka kutoka sindanoni kwenda kwenye kitu, zilitafuta nafasi tupu, nazo ziko kwa galiamu. Zilipotoka kwenye kitu kwenda sindanoni, zilitoka palipojaa, yaani kwa aseniki. Ukitazama picha moja peke yake unaweza kuapa kwamba umeona uso wote, na ungekuwa umeona nusu.

Hili si suala la wanafizikia kubishana tu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 zilitokea picha za kusisimua za DNA iliyolazwa juu ya grafiti, nyuzi zilizojisokota kabisa kama kitabuni. Mwaka 1991 Carol Clemmer na Thomas Beebe walichapisha picha za grafiti tupu, isiyowekwa kitu chochote, nazo zilikuwa na nyuzi za kujisokota za namna ileile. Kingo na kasoro za grafiti zenyewe zinaweza kuigiza DNA. Baada ya hapo, nani angejua ipi kati ya zile picha za awali ilikuwa ya kweli? Nimetengeneza dashibodi za kutosha kazini kujua kwamba grafu ikishapendeza, watu huacha kuuliza imetoka wapi.

Haya, sasa watafiti walitokaje hapo? Njia ya kwanza ni kuacha kutembea. Unaisimamisha sindano juu ya atomu moja, unazima kile kitanzi ili isipande wala kushuka, halafu unabadilisha volteji polepole huku unaandika mkondo. Badala ya namba moja unapata mkunjo mzima kwa kila nukta. Ili kusikia mabadiliko madogo, wanatikisa volteji kwa milivolti chache kwa masafa yanayojulikana, kisha wanachuja na kubakiza mwitikio wa masafa hayo pekee. Ni sawa na kumtambua mtu sokoni kwa sababu anapiga mbinja wimbo mlioagana.

Mwaka 1998 Barry Stipe, Mohammad Rezaei na Wilson Ho walifanya hivyo juu ya molekuli moja ya asetilini iliyokaa kwenye shaba, katika baridi kali. Volteji ilipofika milivolti 358, mwitikio ulipanda kidogo. Hiyo ndiyo nguvu inayotosha kutikisa kifungo cha kaboni na haidrojeni, na elektroni zilizoacha nguvu hiyo njiani zilikuwa zimepata njia ya ziada ya kuvuka. Mtu anaweza kusema ni kelele za ala. Lakini walichukua molekuli nyingine ya asetilini, ambayo haidrojeni yake ni ile nzito, deuteri. Kikemia ni ileile. Alama ikahamia milivolti 266, kama inavyopaswa kwa kitu kizito kinachotikisika polepole. Hapo mimi nilisadiki. Kelele za ala hazijui uzito wa haidrojeni.

Njia hiyo inatuambia molekuli ina nini ndani. Haituambii ukinzani wake, kwa sababu kati ya sindano na molekuli bado pana pengo, na pengo hilo ndilo linalokula karibu volteji yote. Wale mliofanya fizikia mtakumbuka. Kidato cha tatu, tukipima ukinzani wa waya kwa ampea-mita na volti-mita, mwalimu wetu alikuwa akisisitiza tukwangue ncha za waya kwa wembe kabla ya kuzifunga. Usipokwangua, unapima uchafu. Sasa jiulize utakwangua vipi ncha za molekuli.

Mnamo 1999 hadi 2001 swali hilo liliwatoa watu jasho. Kundi moja lilichapisha kwamba DNA hupitisha umeme vizuri. Mwaka uliofuata mengine yakapata kwamba ni semikondakta, au haipitishi kabisa. Mwaka 2001 likatokea moja lililosema kwamba katika baridi kali, ikiwa kati ya metali zisizo na ukinzani, nayo hupitisha bila ukinzani. Vitu vinne tofauti kutoka kwa molekuli ya aina moja. Sidhani kwamba kuna aliyedanganya. Walichotofautiana ni jinsi walivyoishika, ilikaa juu ya nini, ilikuwa na maji kiasi gani, ilikuwa moja au fungu.

Jibu lililonifurahisha kama programa lilitoka Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona mwaka 2003, kwa Bingqian Xu na Nongjian Tao. Walichukua sindano ya dhahabu na uso wa dhahabu, vyote ndani ya kimiminika chenye molekuli wanazotaka kupima. Sindano inashushwa hadi iguse, halafu inavutwa juu. Dhahabu inanyumbuka kama ulimbo, daraja linakonda, linakonda, hadi linabaki na upana wa atomu moja. Hapo ukinzani unakuwa karibu ohmu 12,906. Namba hiyo haitegemei urefu wala ustadi wa fundi; hutokana na chaji ya elektroni na namba ya Planck tu. Mwaka 1998 wenzetu wa Japani, Ohnishi, Kondo na Takayanagi, walikuwa wameiweka STM ndani ya hadubini ya elektroni na kulitazama daraja la namna hiyo huku wakilipima: uzi mmoja wa atomu za dhahabu ulipitisha kipimo kimoja, nyuzi mbili zikapitisha viwili.

Ukiendelea kuvuta, dhahabu hukatika. Lakini wakati mwingine molekuli moja iliyokuwa ikielea huwa imeshika pande zote mbili, na kwa muda mfupi mkondo wote hupita ndani yake. Kisha nayo huachia. Unashusha tena, unavuta tena. Xu na Tao walirudia maelfu ya mara, kisha hawakuchagua mkunjo mzuri wa kuchapisha. Walizimwaga zote katika histogramu moja. Vilele vilitokea mahali pamoja, na mara mbili ya hapo, na mara tatu: molekuli moja, mbili, tatu. Molekuli ya bipiridini ikatoa megaohmu 1.3.

Halafu kuna minyororo ya kaboni yenye salfa kila ncha. Wenye kaboni 6 ulitoa megaohmu 10.5, wenye 8 ukatoa 51, wenye 10 ukatoa 630. Tulia hapo kidogo. Waya wa dukani ukiurefusha kutoka mita 6 hadi mita 10, ukinzani hauongezeki hata mara mbili. Hapa umeongezeka mara 60, kwa sababu elektroni haitiririki katika mnyororo, inapenya toka mwanzo hadi mwisho, na upenyaji unachukia umbali kama tulivyoona kwenye sindano. Waliopima minyororo hiyo baadaye walipata zaidi ya jibu moja kwa molekuli ileile, na sababu iko kwenye ncha: salfa inaweza kushika atomu moja ya dhahabu, au ikakaa kati ya kadhaa. Histogramu haikuondoa tatizo la ncha. Ililifanya lionekane, na kwangu mimi hiyo ni kazi kubwa kuliko kulificha.

Niseme kwa ufupi kuhusu ndugu yake STM, ile iitwayo AFM, iliyobuniwa mwaka 1986 na Binnig, Calvin Quate na Christoph Gerber. Hii haihitaji mkondo, inahisi nguvu ya kuvuta na kusukuma, kwa hiyo inafaa hata kwa vihami. Ukiipa volteji na kutafuta ni volteji ipi inayofuta mvuto wa umeme kati ya sindano na kitu, unapata tofauti ya volteji iliyopo chini ya sindano. Wazo lenyewe ni la Lord Kelvin, la mwaka 1898. Mwaka 2009 Leo Gross na wenzake walitofautisha hivyo atomu moja ya dhahabu isiyo na chaji na ile yenye elektroni moja ya ziada, juu ya utando wa chumvi ya kawaida. Elektroni moja, jamani.

Kwa nini nipoteze muda wangu na wenu kwa haya? Kwa sababu tarakilishi zetu zinaelekea huko. Mwaka 2012 kundi la Michelle Simmons, Chuo Kikuu cha New South Wales mjini Sydney, lilitumia sindano ya STM kung'oa haidrojeni juu ya silikoni, likaweka fosforasi mahali palipochorwa, likafunika kwa silikoni. Zikapatikana waya zenye upana wa atomu nne na kimo cha atomu moja. Zilipopimwa, kanuni ya Ohm, ileile ya kidato cha tatu, bado ilikuwa inafanya kazi. Wengi walikuwa wakitarajia ukinzani uruke juu waya zikiwa nyembamba hivyo. Lakini angalia pia zilivyopimwa: waya zenyewe zilikuwa zimeshazikwa, zimeunganishwa na nyaya za kawaida, na sindano iliyozichora haikuwa karibu.

Kama unataka kugusa data ya aina hii bila kumiliki hadubini, kuna programu huria iitwayo Gwyddion, iliyoanzishwa katika taasisi ya vipimo ya Jamhuri ya Cheki. Ni bure, inafanya kazi kwenye Linux na Windows, na inasoma faili za ala nyingi sana, maana kila mtengenezaji ana muundo wake (sisi wa programu tunajua mateso hayo). Ukiifungua utakutana na vitufe vya kunyoosha uso, kufuta mistari na kulainisha. Kila kitufe hubadilisha namba. Ninachofanya kwanza, kabla ya kitufe chochote, ni kutafuta kama faili ina majedwali mawili: sindano ikienda kulia, na ikirudi kushoto juu ya mstari uleule. Nayaweka ubavuni kwa ubavu, kijivu bila rangi. Kilima kikiwepo wakati wa kwenda na kisiwepo wakati wa kurudi, sikihesabu.